Shamba lilipwe kwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kilimo, pesa na mazingira mkoani Tanga

Maswali haya nimeulizwa mikutanoni, barazani, ndani ya gari la kwenda Amani lililojaa ndizi na matenga, na mengine kwa simu usiku watu wakishamaliza kula. Nimeyaandika karibu kama yalivyoulizwa. Mimi ni bwana shamba, nazunguka Muheza na vijiji vya mlimani, na nina shamba langu mwenyewe. Kwa hiyo majibu mengine ni ya darasani, na mengine ni ya mtu aliyeshika jembe akapata na akakosa.

Bwana shamba, nikifuata hayo mambo ya mazingira, si nitabaki maskini?

Hili huja kwanza kila ninapokwenda, na ni swali la haki. Mtu mwenye watoto watatu shuleni huwezi kumwambia atunze mlima kwa ajili ya vinyonga, ukaondoka.

Jibu langu ni kwamba umaskini mwingi ninaouona huku umetokana na hesabu isiyokamilika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nikiomba kuona daftari la mkulima, kama lipo, nakuta mbegu, vibarua, magunia, nauli na ushuru. Kisha mauzo. Kisha faida. Udongo haumo, kana kwamba uliazimwa na mwenyewe hatakuja kuudai.

Tupige hesabu ndogo. Ekari moja ni takribani mita za mraba 4,047. Mvua ikiondoa udongo wa unene wa milimita moja tu, unene ambao jicho haliuoni, zimekwenda mita za ujazo 4, yaani kiasi cha tani 5. Hiyo Canter haibebi kwa safari moja. Ungemwona mtu anapakia udongo wa juu wa shamba lako ungepiga yowe kijiji kizima kije. Mvua ikiuchukua usiku umelala, asubuhi unamshukuru Mungu kwamba imenyesha.

Mimi nimeshapoteza kwa njia hiyo. Nilikuwa na robo ekari mteremkoni, nikalima tangawizi. Tangawizi hupandwa kwa kutifua na huvunwa kwa kuchimba, kwa hiyo ardhi inalegezwa mara mbili. Mwaka wa kwanza nilipata pesa ya kuezeka upande mmoja wa nyumba. Nikarudia palepale, bila tuta, bila majani ya kufunika. Masika ikaja mvua ya siku tatu mfululizo. Niliposhuka kutazama, mizizi ya mfenesi wa mpakani ilikuwa nje, imening'inia, udongo mwekundu wa chini umechungulia, na bonde la majimbi la jirani yangu limejaa matope. Jirani ni mama mtu mzima. Hakunigombeza. Alisimama ukingoni na kanga yake imelowa, akasema, "Mwanangu, shamba lako limenihamia." Kipande kile hadi leo hakijarudi kilivyokuwa, hata mihogo inatoka myembamba.

Tangu hapo nahesabu hivi: faida ni kile kinachobaki baada ya shamba lenyewe kulipwa. Shamba hulipwa kwa samadi, kwa majani ya kufunika, kwa tuta, kwa mti, kwa kupumzishwa. Usipolilipa linajilipa lenyewe, kwa kupunguza mavuno.

Lakini sitakudanganya. Malipo hayo yanauma mwanzoni. Tuta linakula nafasi ya mistari ya mahindi. Samadi inabebwa kichwani. Mkarafuu unakaa miaka sita, saba, kabla hujapanda ngazi kuuchuma. Anayesema kutunza mazingira hakuna gharama hajawahi kulima. Kinachobishaniwa ni nani azibebe hizo gharama na kwa muda gani, na hilo nalijibu chini, kwenye swali la maji ya mjini.

Wazee wetu walijenga nyumba kwa iliki. Kwa nini mnatukataza?

Iliki haijakatazwa. Kilicholeta matatizo ni namna ilivyolimwa.

Iliki inapenda kivuli, ubaridi na udongo wenye mboji nyingi, na Amani ina vyote hivyo. Mvua yake ni karibu milimita 1,900 kwa mwaka. Mkulima aliingia msituni, akafyeka vichaka na miche yote ya chini, akabakiza miti mirefu itoe kivuli. Ukitazama kutoka barabarani unaona msitu uko palepale. Ingia ndani utazame chini: hakuna mche hata mmoja wa mti wa asili. Miti mikubwa imebaki kama wazee wasio na wajukuu. Mmoja ukianguka, nafasi inashikwa na mti wa kuja kama Maesopsis eminii, ambao si wa Usambara na unaota haraka kila penye mwanga. Baada ya miaka kadhaa rutuba inakwisha, iliki inapungua, kivuli kinakatwa, na panapandwa mihogo. Yaani iliki ilikuwa hatua ya kwanza ya kuufyeka msitu.

Pale Derema, kwenye msitu wa Usambara Mashariki, jambo hili liliishia kwa uchungu. Ili vipande vya msitu viunganishwe, katika miaka ya 2000 wakulima zaidi ya elfu moja waliokuwa na iliki na viungo vingine walitakiwa kuyaacha mazao yao kwa kulipwa fidia. Nalitaja kwa sababu mazungumzo ya mazingira mara nyingi humtazama chura na ndege, yakamsahau mwenye kikapu. Msitu wa Usambara Mashariki una thamani kubwa kweli. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, ina mimea na wanyama wasiopatikana kwingine duniani. Lakini gharama ya kuutunza ikikaa mabegani mwa kaya za mlimani peke yake, haki haipo, na pasipo haki hakuna hifadhi itakayodumu.

Leo panda iliki chini ya miti yako mwenyewe, ndani ya shamba lako: mifenesi, migomba, mikarafuu, miti ya mbao. Rudishia majani na maganda chini ya mashina. Na ukaushaji utazame upya. Iliki inayokaushwa juu ya moto inakula kuni nyingi na inatoka na harufu ya moshi. Kaushio la jua la mbao na nailoni halili kuni wala halitii moshi.

Basi nipande kiungo gani?

Ningekuwa na ekari moja tu mlimani, ningechanganya mdalasini, pilipili manga na mikarafuu michache, na migomba katikati ya kutulisha tukisubiri.

Mdalasini nausifu kuliko yote kwa ajili ya ardhi. Ukiukata shina vizuri, kisiki kinachipua tena, mizizi inabaki imeshika udongo, na baada ya muda unavuna machipukizi. Kosa linalofanyika ni kuung'oa mti mzima au kuubandua gamba ukiwa umesimama hadi ukauke. Pilipili manga inahitaji mti wa kupandia, na mti hai ni bora kuliko nguzo kavu: gilirisidia inapunguziwa matawi mara kwa mara, majani yanaanguka chini yanakuwa mbolea, na hukukata mti msituni kutafuta nguzo. Karafuu inakuja polepole lakini inaishi umri wa binadamu.

Usiuze pilipili manga mbichi kwa sababu mtoto anahitaji daftari. Najua ni rahisi kusema.

Sisi Muheza tuna machungwa hadi yanaoza chini. Hapo mazingira yanaingiaje?

Yanaingia kwa mlango ambao wengi hawauoni: uuzaji wa maua.

Januari ada zinadaiwa, mnunuzi anakuja, anatembea shambani mti kwa mti, anatoa bei kwa msimu mzima matunda yakiwa bado maua au madogo kama gololi. Unapokea pesa. Kuanzia siku hiyo miti ile si yako hadi mavuno. Utaipaliliaje? Utaiwekea samadi ya nini, wakati faida ni ya mwingine? Naye mnunuzi hajali mti wa mwakani. Vijana wake wanapanda, wanavunja matawi, wanavuta matunda kwa nguvu. Mwaka unaofuata mti umechoka, maua ni machache, bei ya maua inashuka zaidi. Nimeona shamba la miti themanini hivi, nafasi ya mita 7 kwa 7 kwenye ekari moja, likiporomoka kwa misimu minne tu kwa njia hii, bila ugonjwa wowote. Deni la Januari ndilo lililolimaliza.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ya shamba la machungwa ni kikoba. Kikundi kikiweza kumkopesha mwanachama ada mwezi wa kwanza, akalipa baada ya mavuno, mti unabaki mikononi mwa mwenyewe. Dawa ya pili ni kuchanganya aina. Mwenye Msasa na Valencia pamoja havuni kila kitu siku moja na wenzake wote, wakati magari ya kwenda Dar es Salaam na yale yanayovuka Horohoro kwenda Kenya yanachagua bei yanayotaka. Dawa ya tatu ni kupanda kunde chini ya miti michanga na kuacha kupanda mihogo, ambayo inashindana nayo.

Halafu kuna nzi wa matunda. Yule mharibifu mkubwa wa siku hizi, Bactrocera dorsalis, alionekana Kenya mwaka 2003 na hakuchelewa kufika kwetu. Watu wanapiga sumu kila wiki. Funza wake yumo ndani ya tunda, sumu haimfikii. Okota kila chungwa lililoanguka, kila siku, tia ndani ya mfuko mweusi wa nailoni, funga, weka juani siku kadhaa. Funza wanakufa wote. Watoto wakirudi shule wanaifanya kazi hiyo kwa nusu saa. Ongeza mitego ya chambo.

Na tafadhali, waacheni majimoto. Najua wanauma, najua wachumaji wanakataa kupanda mti wenye viota vyao vya majani yaliyoshonwa. Lakini wale siafu wekundu wa mtini wanawinda wadudu mchana kutwa bila mshahara. Mti wenye majimoto vunia asubuhi mapema wakiwa hawajachangamka, na jipake majivu mikononi.

Babu anasema matuta ni mambo ya wakoloni. Mbona mnayarudisha?

Babu anasema kweli kuhusu historia. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianzisha mpango wa kuhifadhi ardhi huko Mlalo, Lushoto, kisha ukaenezwa Usambara. Watu waliamriwa kuchimba matuta kwenye miteremko, kwa sheria na faini, na sehemu kubwa ya kazi ikawaangukia wanawake. Wasambaa wakakataa, na kuelekea mwisho wa miaka ya 1950 mpango ukafa. Nimekaa na wazee wanaolitamka neno "matuta" kwa hasira mpaka leo.

Kuamrishwa kulichangia. Ila mimi naona kulikuwa na kosa la hesabu vilevile. Tuta lile lilidai kazi ya miezi na halikumpa mama chochote cha kupika wala kuuza. Lilikuwa gharama tupu.

Mradi wa kuhifadhi udongo na kilimo mseto uliokuja Lushoto miaka ya 1980 ulikwenda njia nyingine: mstari wa kukinga maji ulipandwa majani ya guatemala na miti, majani yakakatiwa ng'ombe wa maziwa aliyefungwa bandani, ng'ombe akatoa samadi iliyorudi shambani. Hapo tuta likaanza kuleta maziwa. Hakuna haja ya askari kumlazimisha mtu kutunza kitu kinachomlisha ng'ombe wake.

Kupima mstari hakuhitaji mtaalamu. Chukua fito mbili zenye urefu sawa, kama mita 2 kila moja, zifunge juu zikutane, zitanue chini, kisha funga fito ya tatu katikati ipate umbo la herufi A. Kileleni ning'iniza kamba yenye jiwe, kama timazi ya fundi. Simamisha pahali, weka alama kamba inapogusa fito ya katikati. Geuza miguu ibadilishane nafasi, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa. Sasa tembea nayo mteremkoni, mguu baada ya mguu, kila kamba inapotulia kwenye alama ya usawa chomeka kijiti. Ukimaliza rudi nyuma utazame vijiti vyako. Vitakuwa vimejikunja kama nyoka kufuata mlima, na utashangaa jinsi macho yalivyokuwa yanakudanganya.

Kwenye mstari huo, chimba mtaro na utupe udongo upande wa juu; hiyo ndiyo fanya juu. Panda guatemala au mabingobingo juu ya tuta. Mteremko ukiwa mkali, mistari isogeleane. Baada ya misimu kadhaa udongo unajipanga wenyewe nyuma ya majani, na shamba linaanza kuwa ngazi bila wewe kuhamisha chepe hata moja.

Sina uwezo wa kununua ng'ombe.

Mbuzi wa maziwa, basi, au kuku, au majani uyauze kwa mwenye ng'ombe na akulipe kwa samadi. Bora samadi iliyokaa ikaoza. Mbichi inaunguza mimea na kuleta magugu.

Mbolea ya chumvichumvi inaua udongo, au siyo?

Inayoua ni kuitumia peke yake mwaka hadi mwaka. Udongo wa milimani kwetu umesuuzwa na mvua nyingi, una asidi, na mbolea yenye naitrojeni ukiirudia bila kitu kingine inaongeza asidi hiyo. Lakini kumwambia mtu mwenye ardhi iliyochoka asiguse mfuko wa dukani, alime kwa samadi ya mbuzi wawili, ni kumwongezea njaa. Mahindi yakikosa chakula yanatoa mabua membamba, mabua membamba hayafuniki ardhi, na mvua inapata njia.

Weka kidogo, karibu na shina, udongo ukiwa na unyevu, pamoja na samadi. Pima udongo kwanza. Kituo cha Mlingano cha TARI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kipo hapa hapa Muheza na udongo ndiyo kazi yake ya miaka mingi. Mpango wa sasa wa mbolea ya ruzuku, ulioanza msimu wa 2022/23, unamhitaji mkulima awe amesajiliwa, kwa hiyo kajisajili kijijini kabla ya kulalamika bei.

Naweza kulima hadi ukingoni mwa mto? Pale ndipo penye rutuba.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Najua mita 60 kwa mtu mwenye kishamba cha bondeni ni kishamba chote. Maoni yangu ni kwamba kijiji kinachosimamia sheria hii kikae kwanza na wenye vishamba hivyo, wakubaliane watu hao watapata wapi pa kulima mboga zao. Kuwafukuza tu kunazaa kilimo cha kujificha, ambacho ni kibaya zaidi kwa mto.

Watu wa mjini wanakunywa maji ya Zigi. Sisi tunaokaa chanzoni tunapata nini?

Hili ndilo swali ninalotamani liulizwe kwenye kila kikao, mjini na mlimani.

Mto Zigi unaanzia Usambara Mashariki, unashuka hadi bwawa la Mabayani, na kutoka hapo ndipo Jiji la Tanga linapata maji yake. Kila chepe ya matope inayotoka kwenye mteremko usio na tuta inaishia kwenye bwawa, inalijaza, na maji yaliyochafuka yanahitaji dawa nyingi zaidi kusafishwa. Kwa hiyo mama anayepanda guatemala kwenye kijiji cha mlimani anamwokolea pesa mtu wa Ngamiani, mjini Tanga, anayefungua bomba asubuhi. Hawajuani, lakini wana biashara ya pamoja ambayo mmoja halipwi.

Wakulima wa mabonde hayo wana umoja wao, UWAMAKIZI, unaohimiza hifadhi katika mabonde ya Kihuhwi na Zigi. Na mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi ya mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, na ikaorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Pesa ni za kupanua miundombinu ya maji. Nililifurahia sana jambo lile, kwa sababu limeonyesha kwamba watu wenye pesa zao wako tayari kuziweka kwenye maji ya Tanga.

Sasa naomba tufikiri hatua moja mbele. Aliyenunua hatifungani analipwa riba kwa kuweka pesa. Aliyeacha nusu ya mteremko wake uwe majani na miti ameweka ardhi. Msitu na tuta navyo ni miundombinu. Vinachuja na kuhifadhi maji kabla bomba halijaanza. Anayevitunza anastahili sehemu yake, iwe kwa miche, kwa ng'ombe, kwa bima ya afya, au kwa fungu dogo kutoka kwenye bili ya maji. Mkulima akilipwa katika ile miaka migumu ya kusubiri mti ukue, hana sababu ya kurudi msituni na panga. Mzigo huo niliosema mwanzoni, wa miaka ya kwanza yenye maumivu, mnywaji maji wa chini ashike upande mmoja.

Mkonge je? Si ndio uliomaliza ardhi ya Tanga?

Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na mwaka 1964 nchi ilizalisha karibu tani 230,000 za singa, yaani nyuzi zake, kilele ambacho hakijarudi. Mashamba makubwa yalilimwa zao moja kwa miongo mingi bila kurudishiwa kitu, na ndiyo maana kuna maeneo yaliyochoka. Ila mkonge wenyewe unavumilia ukame na unashika ardhi vizuri kuliko mahindi.

Tatizo lililo wazi ni taka. Katika kilo 100 za majani, singa ni kama kilo 4. Zilizobaki ni maji na machicha, ambayo korona, mashine ya kuchakata majani, inayasukuma nje na kwa miaka mingi yalielekezwa mitoni. Ukipita karibu na kiwanda unaijua harufu. Pale Hale, Korogwe, ulijengwa mtambo ulioonyesha kwamba machicha hayo yanaweza kutoa gesi ya kuzalisha umeme, na tope linalobaki likarudi shambani kama mbolea. Kwa mkulima mdogo anayeingia kwenye mkonge sasa, ushauri wangu ni huu: miaka miwili ya kwanza kabla ya kukata, panda maharage au kunde katikati ya mistari, na mkubaliane na mwenye korona machicha yarudi kwenu.

Kilimo hai kina bei nzuri kweli?

Kina bei nzuri kwa mwenye mnunuzi. Viungo vya Muheza vimepata njia hiyo kwa sababu wakulima wengi wa mlimani hawakuwahi kutumia sumu tangu mwanzo. Afrika Mashariki ina kiwango chake cha mazao ya kilimo hai tangu 2007, chenye alama ya Kilimohai. Cheti cha mtu mmoja ni ghali mno. Ingieni kwa kikundi, mkaguane wenyewe kwa wenyewe kwa daftari. Mmoja akipiga sumu kwa siri, cheti cha kikundi kizima kinapotea, kwa hiyo mchaguane kwa tabia kabla ya ukubwa wa mashamba. Na msianze kabla ya kuongea na mnunuzi.

Shamba ni la kukodi. Nipande miti ya nini?

Huna sababu, na sikulaumu. Anayekodi kwa msimu anachukua cha msimu. Aongee na mwenye shamba apate miaka mitano kwa maandishi, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, ikiandikwa kabisa miti itakuwa ya nani.

Kwa wenye ardhi ya familia, fuatilieni Hati ya Haki Miliki ya Kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na jina la mke liwemo. Nimeona mjane akinyang'anywa mikarafuu aliyoipanda kwa mikono yake, mwaka uleule ilipoanza kuzaa. Mabinti waliokuwa wanaangalia tukio lile hawatapanda mti.

Kuna watu wamekuja na habari za kaboni, kwamba tutalipwa kwa kutunza miti.

Mkataba usomwe kijijini kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, kabla ya mtu yeyote kutia saini. Ulizeni ni miaka mingapi, nani anapima, na kama mtaruhusiwa kukata mti wa jeneza. Wakikosa majibu, warudi wakiwa nayo.

Nina robo ekari tu, mteremkoni. Nianze na nini wiki hii?

Anza kwa kujua unapoteza kiasi gani. Tafuta chupa nyeupe ya maji ya lita moja na nusu. Mvua kubwa ijayo, vaa koti ushuke hadi chini kabisa ya shamba, pale maji yanapotokea kwenda kwa jirani, ujaze chupa. Iweke juu ya kabati usiku kucha bila kuitikisa. Asubuhi utaona maji yamepanda juu na udongo umetulia chini. Chora mstari wa kalamu ya wino penye mwisho wa udongo, andika tarehe kwenye chupa na kwenye daftari, ukurasa uleule wa mbegu na vibarua.

Kisha tengeneza ile fremu ya fito tatu, pima mstari mmoja tu katikati ya shamba, upande majani. Masika ijayo jaza chupa nyingine mahali palepale, uziweke pamoja mbili.